Matuta na handaki kwenye kilima nyuma ya Mambrui: ni ya nani haya?

Mwana wa Mambrui

Salaam aleikum wanajamvi.

Nina shamba la marehemu mama, ng'ambo ya mto Sabaki, ukitoka Mambrui ukaipa bahari mgongo na kuanza kupanda ile ardhi ya mchanga mwekundu. Miaka mingi lilikuwa kichaka tu, mbuzi wa watu wakijilia. Mwaka huu nimeamua kulima. Nikaweka vijana wakafyeka, na walipomaliza nikabaki nimeduwaa, maana chini ya kile kichaka mlima una michoro.

Kuna mistari mitatu ya udongo ulioinuka, inashuka moja kwa moja toka juu mpaka karibu na bonde. Kimo chake hakifiki goti, lakini kwa upana watu wawili wanaweza kupishana juu yake. Saa sita mchana huioni kabisa. Nenda jua linapochomoza: vivuli vinalala upande mmoja, na mistari yote inajitokeza.

Karibu na kichwa cha mlima kuna handaki linalozunguka, nusu duara hivi. Pale lilipo zima kina chake kinanifika kiunoni, kwingine limejaa udongo ukabaki mbonyeo tu. Nyasi za ndani yake bado mbichi wakati kwingine kote zimekauka. Halafu kuna vituta vidogo vidogo vingi vinavyokata mlima kwa upana na kuipita ile mistari mitatu.

Juu ya mstari wa kati kuna miembe mikubwa, imepangana. Kuna minyaa pia, mingine imekuwa miti kamili. Na vijana wameokota vigae vya sahani nyeupe zenye maua mekundu.

Jirani anasema ni ngome ya Wareno. Mjomba anasema ni mashamba ya mabwana wa zamani, wakati wa utumwa. Mwenye trekta anasema ni udongo tu, atausawazisha wote kwa siku moja, na anataka kuanza kabla masika hayajaingia. Kuna mtu humu anayejua kuvisoma vitu hivi?

Bao la Kete

Ngome ya Wareno maana yake dhahabu ya Wareno. Nitumie ramani kwa siri, nije na jembe usiku. Nusu kwa nusu.

Mshika Mnyororo

Waaleikum salaam mwanangu.

Mimi nimewashikia wapima ardhi mnyororo tangu ujana mpaka mgongo ulipokataa. Mnyororo wa chuma, futi 66, ukiukokota kutwa kwenye mchanga wa Magarini unaujua mlima kwa nyayo. Savea yeye anachungulia kwenye darubini yake, mbali. Anayejikwaa kwenye tuta ni mshika mnyororo. Basi nikwambie ya aliyejikwaa.

Huyo wa jembe la usiku mpuuze, ingawa najua anatania. Wako wasiotania. Wamebandua mabakuli ya Kichina kwenye makaburi ya mnara, wamechimba mihrabu, na sijaona hata mmoja aliyejenga ghorofa.

Wareno nao waache walale. Walikuwa watu wa bandari. Malindi walifika 1498, na ilipofika 1593 walianza kujenga Fort Jesus na makao yao yakahamia Mombasa. Wakijenga, walijenga kwa mawe na chokaa, penye maji ya kutia nanga. Kilima cha mchanga nyuma ya Mambrui wangekifanyia nini?

Sasa tuusome mlima wenyewe. Mimi silitazami tuta, natazama linavyoelewana na mteremko. Tuta la kuzuia maji hufuata usawa: mlima ukipinda nalo linapinda, halipandi wala halishuki. Mpaka hauna habari na mteremko. Hushuka moja kwa moja, kwa sababu kila mwenye shamba anataka kipande cha juu penye mchanga na kipande cha chini penye udongo wenye maji. Ukimpa mmoja juu yote na mwingine bonde lote, hamtalala. Kwa hiyo hiyo mistari yako mitatu ni mipaka, na hapo mjomba wako yuko karibu zaidi kuliko jirani.

Mipaka ya nani? Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Malindi ilikuwa magofu na kichaka. Sayyid Majid wa Unguja ndiye aliyeifufua mwanzoni mwa miaka ya 1860, na katika muda mfupi mashamba ya mtama na ufuta yakaenea kuzunguka Malindi na Mambrui. Mtama ukipakiwa majahazini kwenda Arabuni. Waliolima ni watumwa. Kila mmoja alipimiwa ngwe yake kwa kamba, akaimaliza ndipo akaachiwa.

Lakini usidhani hayo matuta ni ngwe. Ngwe haiachi alama. Kamba ikikunjwa na msimu ukiisha, imekwisha. Tuta linatokea baina ya shamba la bwana huyu na la bwana yule. Huku wanapalilia, magugu na visiki wanatupa mpakani. Kule nao hivyo hivyo. Jembe linakwangua udongo kidogo kidogo kuusogeza ukingoni, na pale mpakani pasipolimwa nyasi zinaukamata. Mwaka baada ya mwaka ukingo unapanda. Watu wengi wakiona tuta hudhani kuna siku mtu aliamrisha lijengwe. Hakuna aliyeamrisha. Ni takataka za palizi zimekaa mahali pamoja, na mikono iliyozitupa haimo kwenye hati yoyote ya shamba.

Miembe iliyopangana juu ya mstari inaniongezea imani, maana mwembe ulikuwa shahidi wa mpaka kabla ya bikoni za zege. Mnyaa usinishuhudie sana. Ukikata tawi ukalichomeka linashika, kwa hiyo unaweza kuwa wa juzi tu.

Hivyo vituta vidogo vinavyokata kwa upana ni watu wengine na zama nyingine. Kama vinafuata usawa na vimeachana kwa nafasi inayolingana, hapo alipita afisa wa kilimo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ililazimisha matuta ya kuzuia mmomonyoko sehemu nyingi za Kenya, watu wakayachimba wakinuna. Halafu huko bara yako, kuanzia 1978, ukaja mradi wa makazi wa Magarini kwa msaada wa Australia. Kichaka kilifyekwa kwa mashine na watu wakagawiwa viwanja vya hekta 12. Na popote tingatinga linapofyeka, visiki na udongo husukumwa pembeni vikawa safu. Ukizikuta safu hizo baada ya miaka 40, zimeota nyasi na zimetulia, unaweza kuapa ni za Nabii Nuhu.

Sasa hilo handaki. Hilo ndilo linaloniwasha. Nijibu mambo mawili. Udongo uliotoka ndani yake ulitupwa upande gani, wa ndani kuelekea kichwa cha mlima, au nje? Na pale mstari wa kati unapokutana na handaki, kipi kimekata kipi? Usichimbe! Mchanga ule mvua huukata yenyewe, hapakosi korongo dogo mahali. Ingia humo, kwangua ukuta wa korongo kwa panga taratibu, utazame rangi.

Karani wa Kilifi

Mzee ameshasema usichimbe, mimi naongeza kwa upande wa sheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Taifa ya 2006 inasema mtu akigundua mahali au kitu cha kale ana siku 7 kuwaarifu Makumbusho ya Taifa, aeleze ni wapi hasa na amekionaje. Na haisemi majumba ya mawe peke yake, kazi ya udongo ya kale nayo imo. Kufukua bila leseni ni kosa, hata kama hati ya shamba ina jina lako. Wako Malindi mjini na wako Gede penye magofu, si mbali. Shamba halichukuliwi kwa sababu umetoa taarifa, hilo naona ndilo linalowafanya watu wanyamaze.

Binti Amu

Mimi niko Amu (Lamu) lakini uzi huu umenikamata. Mambo mawili.

Hizo sahani za maua mekundu nazijua. Nyumba ya bibi yangu zilikuwa kwenye zidaka, zimepangwa, haruhusiwi mtoto kuzigusa. Nyingi ziliingia pwani karne ya 19 kutoka Ulaya, na za viwanda vya Maastricht kule Uholanzi zilijaa sana. Geuza kigae utazame mgongo wake kama kuna muhuri. Ni tofauti kabisa na zile za Kichina za kijani au za buluu na nyeupe zinazookotwa Gede na kwenye miji yetu ya mawe. Kwa hiyo vigae vyako vinakubaliana na mzee: wakati wa ufuta.

La pili, hati. Hati za zamani za mashamba hazina namba ya kiwanja. Zinataja pande nne: kibla (kaskazini) kuna shamba la fulani, suheli (kusini) kuna njia, matlai (mashariki) kuna miembe ya fulani, magharibi kuna bonde. Kama ukoo wenu una karatasi yoyote ya Kiarabu kabatini, mpelekee anayejua kuisoma, kisha simama juu ya mstari wa kati ukiwa nayo mkononi. Mashamba mengi ya pwani yaliandikishwa upya baada ya sheria ya hatimiliki ya 1908, na waliokwenda kudai walikwenda na karatasi kama hizo.

Na kwenye hilo korongo usitafute mawe tu. Pale Shanga, kisiwa cha Pate, waliochimba kati ya 1980 na 1988 walikuta chini ya msikiti wa mawe matundu ya nguzo za misikiti ya miti, ya nyuma kabisa ikifika karne ya 8. Mti umeoza zamani, lakini tundu lake limebaki na rangi yake. Boma la miti linaonekana hivyo hivyo, madoa meusi ya duara yamepangana.

Mwana wa Mambrui

Shikamoo mzee, na asante dada wa Amu.

Nimekwenda alfajiri na binamu yangu. Korongo lipo kweli, upande wa kusini, limelikata handaki kwa kukingama. Nimekwangua kama ulivyosema. Mzee, ni kama keki iliyokatwa. Huku na huku mchanga mwekundu mtupu, mgumu. Katikati kuna umbo la kikombe, limejaa udongo wa kijivu unaokwenda kwenye weusi. Chini kabisa mwa kikombe kuna chembe za mkaa na vipande vya makombe ya baharini. Juu kidogo kuna kigae cha chungu, kizito, cheusi ndani, kina mikwaruzo ya kama misumari ubavuni. Sikukitoa, nimekipiga picha kikiwa pale pale. Sahani za maua humo ndani hamna hata kipande. Hizo zote ziko juu, kwenye udongo wa kulimwa.

Udongo ulitupwa ndani, upande wa kichwa cha mlima. Kuna tuta la chini linalozunguka pamoja na handaki. Madoa ya duara nimeona moja ambalo naweza kulitetea, mengine ni vichuguu, sitaki kujidanganya.

Na hili ndilo lililonifanya nikae chini: mstari wa kati unapita JUU ya handaki. Haukatiki. Pale unapovuka, handaki lilikuwa limeshajaa, ndipo ule ukingo ukapanda juu yake, na mwembe mmoja umesimama hapo hapo juu ya udongo wa kijivu. Vituta vidogo navyo vinapanda juu ya vyote viwili.

Vigae vya sahani nimevigeuza. Kimoja kina nusu ya muhuri, herufi za Kizungu, hazisomeki zote.

Mshika Mnyororo

Marahaba mwanangu. Umeona mwenyewe, sina haja ya kukuhubiria.

Kilichoko chini kimetangulia. Vituta vidogo ni vya mwisho. Chini yao mipaka ya wenye ufuta na sahani zao. Chini ya mipaka liko handaki, na halikuwa limechimbwa jana yake, lilikuwa limekwisha kujaa. Handaki la mchanga halijai kwa siku moja likatulia mpaka watu wakasahau kwamba hapo pana shimo. Kwa hiyo waliolichimba walikuwa wameondoka zamani wakati mabwana wa Malindi wanagawana mlima.

Udongo ndani maana yake walikuwa wanajikinga na kitu kilichoko nje. Unachimba shimo, unajirundikia ukuta upande wako, juu ya ukuta unasimamisha miti au miiba. Angekuwa mtu anafungia ng'ombe wasitoke, angefanya kinyume. Kinga dhidi ya nani, hapo kila mtu atakuletea kabila lake analolichukia. Wengine watakwambia ni Wagiriama wa 1914, wakati Waingereza walipowatoa kwa nguvu kaskazini ya Sabaki, wakachoma nyumba na kuwatoza faini ya rupia 100,000. Habari hiyo ni ya kweli na ni nzito, na walipoondolewa mashamba yao yalibaki mapori mpaka waliporudi. Lakini handaki lako haliwezi kuwa la mwaka huo, kwa sababu mwembe na mpaka vimelikalia. Mlima wenyewe umekataa.

Kigae cheusi chenye mikwaruzo mwachie mwenye kazi yake. Hao wa makumbusho wakikiona tu watakwambia ni cha karne gani, na ule mkaa unapimika umri wake, ndiyo maana nasema usiutikise. Wakija waonyeshe pia ukikuta mawe mazito meusi yenye matundu matundu. Hayo ni mavi ya chuma, mabaki ya kuyeyusha chuma. Al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiarabu, aliandika habari za chuma cha Malindi tangu 1154, na hapo Mambrui wachimbaji wa Kenya na China walipata mwaka 2010 sarafu ya shaba ya Mfalme Yongle wa China. Kwa hiyo huko nyuma ya mji hapakuwa patupu kama watu wanavyosimulia, kana kwamba pwani ni ukanda wa mchanga wa kutembelea watalii na nyuma yake fisi tu.

Trekta sasa. Kichwa chote cha mlima asikanyage, wala ule ukanda wa miembe. Kwingine alime kwa upana, akifuata vile vituta vidogo. Afisa wa kilimo alinunisha watu lakini kwa mchanga ule alikuwa na haki. Nenda Marafa ukaone Nyari, lile korongo kubwa, utajua maji yanaufanya nini mchanga huu ukipewa nafasi. Akilima kwa kushuka mlima, misimu michache tu hilo korongo lako litakuwa limekula handaki na mahindi pamoja. Na piga picha zote asubuhi au jioni jua likiwa chini, ukiweka jembe au fimbo kando ili kimo kionekane, na simama mahali pale pale kila mara. Fanya hivyo kabla ya masika, majani yakiota hutaona kitu.

Bao la Kete

Kwa hiyo dhahabu hakuna?

Mwana wa Mambrui

Ndugu, kuna mavi ya chuma, njoo na jembe lako.

Mzee, mwenye trekta amekubali. Amenung'unika kidogo, anasema kulima kwa upana kunamlia mafuta kwenye kugeuza, nikamwongezea. Makumbusho nimepeleka barua na picha, na kwa upande wa pili nikachora mlima kwa mkono. Wamesema watatuma mtu, nimeweka miiba kuzunguka korongo mbuzi wasishuke. Mjomba kabatini ametoa karatasi ya Kiarabu iliyokunjwa ndani ya msahafu, wino umefifia upande mmoja. Mwalimu wa madrasa amesoma mpaka pale inapotaja miembe upande wa matlai, kisha mchwa wamekula. Jirani wa Wareno haniamkii.

Swali dogo la mwisho: hiyo minyaa iliyo nje ya mstari, ile iliyosambaa huku kwenye kulimwa, naweza kuikata?

Mshika Mnyororo

Ya nje ya mstari kata. Vijana wavae miwani na mikono mirefu. Ule utomvu ukiingia jichoni ni hospitali moja kwa moja, na wasichome matawi yake mabichi karibu na watoto. Iliyo juu ya mstari iache mpaka huyo mtu wa makumbusho apite.